Ami, Wamelisafisha Neno Lako

Ami yangu,

Nimerudi sasa hivi kutoka mtaa wa Ghala, kwenye kiwanda cha chapa cha mwanao Salim ninakofanya kazi. Nimeosha mikono mara tatu na bado naiona michafu.

Kitabu chako kimetoka. Jalada lina picha yako umevaa kilemba, umependeza. Ndani humo hamna wewe. Ile sura ya neno jamija, uliyoipenda kuliko zote, imeondolewa yote. Ulilisikia kwa bibi mmoja wa Sarajevo ulipokuwa ukisoma huko. Kwa Waarabu ni jaami', msikiti wa Ijumaa, neno la kiume. Waturuki wakalichukua, na Wabosnia, Wazungu wa Kislavi walio Waislamu kama sisi, wakalipokea kwao wakalitia -a mwishoni, likawa la kike. Bibi akienda msikitini husema jamiju. Akiwa ndani, jamiji. Ulinihesabia miisho hiyo kwa vidole hadi kahawa ikapoa, ukicheka: "Neno likihamia kwa watu, mwanangu, hula wanachokula."

Salim anasema hiyo ni aibu. Eti nyumba ya Mungu ifanywe jike na Wazungu! Badala yake ameandika mistari miwili, kwamba neno lilitoka kwa Waarabu na likabaki safi vilevile. Uongo mtupu. Na huyu ndiye anayemnyamazisha mama yake wageni wakija, kwa sababu Kiarabu chake kina Uunguja ndani yake. Ananitia kinyaa, Ami.

Lakini aliyeifuta sura hiyo kwenye kompyuta ni mimi. Alisimama nyuma yangu akasema, "Futa, dada, usinitie aibu mbele za watu." Nikafuta. Wewe uliyenifundisha kusoma, nikakufuta kwa kidole kimoja, kisha nikaenda kunywa chai! Nimejichukia kuliko ninavyomchukia yeye.

Vitabu bado vimo kwenye maboksi, vitagawiwa Ijumaa kwenye khitma yako. Karatasi ulizoandika kwa mkono ninazo, na sura nimeshaipiga upya.

Pumzika, Ami. Mungu akurehemu, nami anisamehe. Nakuahidi hili: Alhamisi, Salim akiwa hayupo, nitaibandika sura yako ndani ya kila kitabu, na chini yake nitaandika jina langu lote, asije akamfukuza kazi mtu mwengine badala yangu.

Mwanao,
Zuwena