Kukabidhiwa kwa Georgia

Jumatatu, 3 Novemba

Zamu yangu ya bafu. Nimeosha. Georgia amenibandikia karatasi mlangoni tena: ameuliza kama mtoto wake amelala vizuri. Chini amesaini Mum. Ana miaka ishirini. Katika chama chetu cha wasichana hapa chuoni kila mgeni hupewa mama, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wangu ni yeye. Natakiwa nimwite hivyo hivyo, Mum. Mpaka sasa nimekwepa. Naanza tu kuongea bila kutaja jina.

Jumanne, 4 Novemba

Tangazo. Jumamosi tunakabidhiwa. Mama mzazi wa kila mgeni atume ujumbe wa sauti wa kumtoa binti yake, kisha binti asimame amwite mama yake mpya mbele ya wote.

Mama yangu alifariki Aprili. Hapa hakuna anayejua. Septemba Georgia aliniuliza kama mama anapika vizuri. Nikajibu anapika. Basi. Tangu hapo anapika, anaenda kanisani, anawasalimu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefikiria kuhama. Mkataba wa nyumba una majina sita, mpaka Juni, na wote sita ni wa chama. Hata kwenye treni ya kutoka mjini nimekaa katikati ya wawili. Wamenipa biskuti.

Wangekuwa wabaya ningeshaondoka.

Alhamisi, 6 Novemba

Georgia ameulizia ujumbe. Nimesema mama anarekodi leo.

Nimefungua jumbe za sauti za mama. Ziko kumi na moja. Alikuwa anafuta simu kwa leso kabla ya kuongea, kama anayemfuta mtoto mdomo. Mkwaruzo huo unasikika mwanzo wa kila ujumbe. Nimesikiliza mikwaruzo tu, yote kumi na moja.

Nimechagua ule wa Machi, nilipokuwa nchi hii hii kwenye kozi ya maandalizi. Unaanza na habari za baridi. Nimekata mwisho wake, nikautuma.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilituma ule mzima. Nilikosea, nikatuma ambao haujakatwa.

Sebule imejaa, maputo hadi kwenye ngazi. Mkwaruzo, halafu mama. "Wakio, umekula? Vaa sweta. Baridi ya huko si ya Voi." Wakatabasamu. Karibu wote hawajui neno hata moja la Kiswahili. Nikangoja ikome. Haikukoma. "Kesho wananilaza hospitalini. Usije, mwanangu. Maliza mtihani."

Wakapiga makofi. Georgia alifuta machozi, akasema mama yangu ana sauti tamu.

Neema, mmoja wa sisi sita wa nyumba hii, hakupiga makofi. Wazazi wake wametoka Bukavu, yeye amezaliwa hapa. Anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza siku zote. Alikuwa ananitazama.

Wakaita jina langu. Nikasimama. Nikamwita Georgia Mum. Neno lilitoka bila shida. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimeosha vikombe vya jana. Neema akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kukausha. Tulifika kikombe cha nne au cha tano. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu nimjue:

"Mama yako alipona?"

"Hapana."

Akasema pole. Akaendelea kukausha kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. Aliuliza nani mwingine anajua. Nikasema yeye tu. Hakunihubiria. Vikombe vilipoisha akapanda ngazi nami, akabaki nyuma yangu wakati nabisha mlango.

"Georgia," nikasema.

Nadhani jina lenyewe lilimshtua kabla ya habari. Nilimweleza yote, hata ule uongo wa upishi. Aliomba nimfasirie ujumbe wa mama, neno kwa neno. Nikafasiri. Hakulia safari hii. Alikunja mikono mapajani kama mtoto shuleni.

Jioni nimekuta karatasi mpya mlangoni. Supu iko jikoni, niipashe moto. Chini amesaini Georgia.

Nimevaa sweta, nimeshuka kula.