Mfereji Uliofutwa kwa Kidole

Biira mjukuu wangu,

Huna haya! Injinia mzima unajenga nyumba Bwera ukiwa umekaa kwenye kiti Kampala, na mlima wetu hujaukanyaga tangu Pasaka. Naandika kwa mkono wangu; darasa langu la tatu linatosha kukugombeza. Na wengine wanaojengea wazazi wao kwa simu waisome pia.

Unakumbuka ile nyumba yetu ya udongo? Babu yako alikataa kuchimba msingi mpaka mvua mbili zipite. Alitusimamisha nyuma ya uwanja, mimi na wewe, tunalowa, tuangalie maji yanashukia wapi. Ulikuwa na miaka saba, kamasi mpaka mdomoni. Ukachomeka kijiti, ukapiga kelele, "Babu, yanapita hapa!" Akacheka, "Huyu ndiye fundi wangu." Mfereji tukauchimba palepale, wewe ukibeba mawe kwa sahani yangu ya kulia. Nilikuchapa kwa sababu ya ile sahani. Lakini nyumba ile haikuingiwa hata na kikombe cha maji mpaka babu yako anakufa.

Sasa unajenga nyumba mpya palepale ilipokuwa ile ya udongo, na umeleta programu ya simu. Kila kazi ina siku yake na gharama yake; msimamizi wako wa ujenzi akipiga picha, kazi inageuka kijani, nawe unafurahi. Nilipouliza mfereji uko wapi, ulinijibu kwa sauti tamu kama mtu wa benki: "Bibi, nimeutoa. Gharama ilizidi, na mchoro unaonyesha uwanja ni tambarare." Tambarare! Bwera! Huku kuku akitaga nje, yai tunalikimbiza bondeni.

Jumanne mvua ilinyesha. Maji yakafuata njia ileile ya kijiti chako, yakajaa nyuma ya chumba cha nyuma, kile ulichosema watoto wako watalala wakija Krismasi. Ukuta umepasuka, vidole vyangu vinaingia. Nikamwita msimamizi. Akafuta kioo cha simu kwa shati lake. "Mama, ukuta iko kijani. Picha nilituma Jumatatu. Jumamosi tunapandisha mabati."

Fundi mmoja tu, yule anayevuka mpaka kutoka Kasindi, Kongo, aliona aibu. Aliweka kiganja ukutani, akaninong'oneza kama wanavyowaita bibi kwao, "Koko, hii ukuta iko inalia."

Nilitema mate. Programu ningeisamehe, haijawahi kulowa. Wewe ulilowa. Njia ya maji uliijua kwa miguu yako, ukaifuta kwa kidole. Na mimi nilivyojisifu kanisani, "Injinia wangu, injinia wangu"! Jumapili nitakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ibada ikiisha nitoke wa kwanza.

Ile sahani bado ninayo. Ina alama pale mawe yako yalipoibandua rangi. Juzi niliishika nikakukumbuka, nikakasirika upya.

Sasa nisikilize. Mpigie msimamizi leo hii: hakuna bati kupanda. Alhamisi panda basi, uje na gambuti, uje na watoto. Ule ukuta utaubomoa wewe mwenyewe, nyundo utaishika wewe. Mvua ikianza, wasimamishe watoto nyuma ya uwanja walowe, wachomeke kijiti. Halafu uchimbe.

Bibi yako,
ninayekungoja na majembe mawili.