Sakafu Nyekundu au Jiko la Nje

Ruiru, Jumamosi, Julai 1958

Leo jua halijatokea kabisa. Kibaridi kimeshuka tangu alfajiri, mawingu yamekaa juu ya mashamba ya kahawa, na nguo nilizoanika jana bado zimelowa. Miguu imevimba. Nimefurahi na nimekasirika kwa wakati mmoja, na sijui nianze na lipi.

Tulikwenda Thika kuitazama nyumba yetu.

Bado sijazoea kusema “nyumba yetu.” Tangu tuoane, mimi na Erasto tumekaa katika chumba kimoja hapa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba. Kitanda, meza, jiko la makaa, na sanduku langu la bati, vyote vinatazamana. Erasto alipopata kazi ya mashine katika kiwanda kule Thika tulibaki hapa hapa, naye anakwenda kwa gari la moshi kila asubuhi na kurudi jioni akinuka grisi. Halafu mji ukaanza kujenga nyumba za kulipia polepole, akaandikisha jina, nasi tukasahau. Mwezi uliopita tukaitwa.

Ni nyumba ya vyumba viwili, kuta za mawe ya Ndarugu, paa la bati. Nimezigusa zile kuta leo kwa mikono miwili. Mawe ni baridi na yamechongwa vizuri, hata ukipitisha kidole kwenye maungio hakikwami. Nilitaka kulia, lakini Erasto alikuwa ananitazama akingoja nilie, basi nikakataa.

Sasa kuna jambo la nyongeza. Nyumba inakuja na sakafu ya udongo ulioshindiliwa, madirisha ya mbao, na juu hakuna dari, unaliona bati. Ila kila mwenye nyumba anaruhusiwa kuchagua nyongeza mbili, nazo zinaingizwa katika malipo ya kila mwezi. Kuna dari. Kuna vioo vya madirisha. Kuna sakafu ya simiti yenye rangi nyekundu. Kuna mlango wa pili wa nje, kwa chumba kile kidogo. Na kuna jiko la nje, kijumba kidogo cha mawe nyuma ya nyumba, ila hilo peke yake linahesabiwa kuwa nyongeza mbili. Jibu linatakiwa Jumatatu, kwa sababu mafundi wanahamia safu nyingine.

Mimi nilichagua sakafu siku ile ile niliyosikia. Naweza kusema ukweli hapa: nimeiota ile sakafu. Nimejiona nimepiga magoti naipaka nta kwa kitambaa, mpaka uso wangu unaonekana ndani yake. Hapa ninafagia vumbi asubuhi, na mchana limerudi limekaa mahali pake kama mwenye nyumba.

Erasto alitaka vioo. Wenzake wote kiwandani wanataka vioo, sijui wanataka waonekane wakifanya nini. Lakini aliviacha mwenyewe, bila kusukumwa, akachagua mlango wa pili. Mlango huo ni wa Mama.

Mama ni mama yake Erasto. Mimi wangu alikufa nikiwa bado natambaa, kwa hiyo ninapoandika Mama ni huyu mmoja tu. Amekuja wiki hii kutoka kwetu Maragoli kwa sababu nina mimba, na Krismasi haitafika kabla mtoto hajaja. Tunataka akae nasi. Nataka akae nasi. Lakini kwetu mzazi halali chini ya paa analolala mtoto wake na mkewe. Halali, basi. Hapa analala kwa mjane mmoja ng'ambo ya barabara, katika laini za pili, na kila jioni kabla giza halijaingia anajifunga shuka anakwenda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata wakati wa mtoto wa kwanza. Alikuja kunisaidia akalala ng'ambo ya barabara. Ilikuwa miaka ya kafyu, na usiku hakuna aliyethubutu kutia mguu barabarani. Erasto alikuwa zamu ya usiku kwenye mashine za kahawa. Uchungu ulinishika mapema kuliko tulivyodhani. Niliita. Majirani wa ukuta wa pili walikuwa wamekwenda kwao kuzika. Niliita mpaka sauti ikakauka. Mama alifika kulipokucha, akanikuta na mtoto mikononi, wa kiume, na tayari alikuwa amenyamaza.

Hatujawahi kuzungumza habari hiyo, mimi na Mama. Hata mara moja.

Basi tulikuwa tumekula njama mimi na Erasto, tumwoneshe Mama mlango wake leo kama zawadi. Msimamizi wa ujenzi, mzee mmoja mcheshi wa hapa hapa Thika anayeitwa Njuguna, alitupokea na penseli sikioni. Erasto akampeleka Mama kwenye kile chumba kidogo, akamwonesha mahali ukuta utakapotobolewa. “Utaingia hapa na kutoka hapa, Mama. Hutapita kwetu. Hii ni nyumba yako, ile ni yetu.” Alikuwa amejaa furaha hata nikamhurumia.

Mama alisifu mawe. Alisifu bati. Kisha akainua macho.

Ukuta wa katikati unaishia juu kidogo ya kichwa cha Erasto. Kutoka hapo mpaka kwenye bati ni wazi. Unaweza kurusha kofia kutoka chumba hiki ikaangukia kile.

“Erasto,” akasema Mama, “ukikohoa usiku, ni mimi nitakayekuambia pole?”

Njuguna alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilitazama chini. Erasto, bila hata kunitupia jicho, akasema haraka kwamba hilo ni jambo dogo, tutaacha sakafu ya simiti tuchukue dari, na dari litaziba juu. Sakafu yangu ikaenda hivyo hivyo, kwa pumzi moja. Hapo ndipo hasira iliponiingia, na sehemu yake bado ninayo ninapoandika.

Lakini Mama alitikisa kichwa. “Dari litaziba juu, na juu ya dari paa litakuwa moja tu.”

Erasto akaanza kumwambia kwamba sisi ni watu wa kanisa, mambo hayo ni ya zamani. Hakufika mbali. Mama alimkumbusha kwamba yeye alibatizwa kabla Erasto hajazaliwa, na kwamba hata mchungaji wetu kule nyumbani, mama yake ana nyumba yake nyuma ya boma na hakuna aliyemtenga na meza ya Bwana. Halafu akatoka nje.

Tulimkuta nyumba ya jirani. Mwenye nyumba hiyo amechagua jiko la nje, na limekwisha: mawe, bati, dirisha la mbao kubwa kidogo kuliko sahani, na mlango. Mama alikuwa ameingia ndani, amesimama katikati, anazunguka polepole.

“Hii ni nyumba ya nani?”

“Hiyo si nyumba, mama, hiyo ni jiko,” akasema Njuguna.

“Ina paa lake?”

“Iko na bati yake.”

“Na mlango wake?”

“Haiya! Si huo umepitia?”

“Basi hapa nitalala,” akasema Mama.

Uso wa Erasto ulibadilika. Alimwambia kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, kwamba hawezi kulala yeye ndani ya kuta za mawe na kumlaza mama yake jikoni kama kuku. Watu wa kiwandani watasema nini?

“Watasema umenilaza jikoni,” akajibu Mama. “Na mimi nitasema mwanangu amenijengea nyumba yenye moto ndani. Watamwamini nani?”

Erasto alinuna kama alivyonuna siku alipopigwa faini ya kuchelewa.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho mchana sikukielewa. Mama aliniambia nirudi katika nyumba yetu, niingie chumba cha kulala, nisimame mahali kitanda kitakapokaa. Yeye akabaki ndani ya lile jiko la jirani na kufunga mlango. Akasema, “Niite. Usipige kelele. Niite kama mtu aliyelala.”

Nilidhani anacheza. Wazee wakifurahi hucheza. Nikasimama kwenye udongo mbichi, na matundu ya madirisha yako wazi, hata mbao hazijatiwa. Nikaita, “Mama.”

Hakuitika.

“Mama.”

“Naam, mwanangu. Nimesikia hata la kwanza.”

Alifungua mlango akaja amejikunja kwa baridi. Akamuuliza Njuguna kama vile vioo vikitiwa sauti itapita. Njuguna akasema kioo kinazuia, mbao inaachia, kwa sababu mbao daima ina nafasi. Akauliza habari za dari. Njuguna akasema dari nalo linameza sauti. Mama akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayenunua kitambaa sokoni na amekwisha kuamua ila hataki muuzaji ajue.

Ndani ya gari la moshi Mama alisinzia begani kwangu kuanzia Thika mpaka hapa. Mimi nilikuwa naiwaza sakafu. Nisijifanye mwema: nilikuwa na mimba, nimeegemewa begani na mwanamke anayenipenda, nami nawaza nta nyekundu. Nilihesabu kwamba jiko likichukua nyongeza zote mbili, tutahamia nyumba ya mawe yenye vumbi lile lile ninalolifagia hapa. Nitaishi miaka yangu yote na ufagio mkononi. Nilimkasirikia Mama kidogo. Nilimkasirikia Erasto zaidi. Kisha, tulipokuwa tunashuka, Mama alinishika mkono ili nisiteleze kwenye ngazi, na hakuuachia mpaka tumevuka barabara.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakipima pale Thika.

Nikamwuliza tu kama anataka chai.

Tumekula mapema. Erasto hakugusa nyama, akasema ana mawazo. Mama amenioshea vyombo nikamkataza, akaendelea. Sasa hivi amejifunga shuka lake, ametuombea, amekwenda kwa mjane ng'ambo ya barabara. Nje bado kuna mwanga kidogo. Erasto amekaa kwenye kiti kile kimoja anavua viatu, na ana ule uso wa mtu anayebishana na watu wasiokuwepo. Ameniambia Jumatatu atachukua mlango na dari, na Mama atazoea. Amesema hivyo mara mbili, kwa hiyo najua hana hakika.

Sikubishana naye. Nimelala kitandani na taa ya mafuta karibu, naandika.

Nimefanya jambo la kijinga. Nimeweka kalamu chini na nimeita, kwa sauti ile ile ya leo mchana, wala si zaidi.

“Mama.”

Nimengoja.

“Mama.”

Mbwa wa mlinzi amebweka kule ghalani, kisha kimya. Bila shaka hakuna aliyeitika. Barabara iko pale pale. Mjane anakaa pale pale. Nimelia kidogo. Sikuwa nimekusudia kulia, ila nimelia, na safari hii sikujizuia kwa sababu ya mtu kunitazama.

Erasto amekaa na kiatu kimoja mkononi. Naye hakuwepo usiku ule. Alikuwa kwenye mashine, na alipofika asubuhi alikuta tumekwisha kumfunga mtoto ndani ya kitenge changu cha harusi. Ameweka kiatu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Kisha ameniuliza: “Nikipita kwa Njuguna Jumatatu, nimwambie mlango wa jiko uelekee wapi?”

Nimemwambia uelekee dirisha la upande wangu wa kitanda. Na dirisha liwe la mbao.