Roma Uliyowasimulia Wengine

Mama Bhoke wangu,

Juzi nilikwenda mashineni kusaga mahindi, kazi ambayo ulipokuwa hai sikuijua hata mlango wake. Nikawakuta wanawake sita wamekaa juu ya magunia wakisubiri zamu, na katikati yao jirani yetu Mama Mwita anasimulia Roma. Wewe unajua kwamba Mama Mwita hajawahi kwenda mbali kupita Musoma. Lakini aliisimulia kwa sauti yako, na pale pale ulipokuwa ukinyamaza kidogo ili watu wapate kucheka, naye alinyamaza. Wakacheka. Nilisimama na ndoo yangu mkononi, nikaona wivu wa namna ambayo mzee wa umri wangu, aliyefundisha katekisimu mpaka kwa wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza, hapaswi kuutaja nje ya kitubio.

"Shikamoo, Mwalimu," wakasema, hadithi ikakatika.

"Marahaba. Endeleeni tu, nami nisikie."

"Aa, Mwalimu," akasema Mama Mwita, "wewe Roma yako si ya chaki? Hii yetu sisi tumeinywa mpaka maji."

Kwa heshima yangu hawakucheka. Walitazama chini, wakavuta khanga. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Roma ya chaki unaikumbuka. Miaka yote niliyofundisha katika shule ya makatekista niliichora ubaoni bila kutazama kitabu: mto unaopinda kama nyoka, vilima saba, makanisa saba ya mahujaji, na ng'ambo ya mto, Kanisa la Mtakatifu Petro. Nilijifunza mchoro huo seminarini, nikiamini kwamba siku moja ningetumwa kusoma huko. Halafu baba yangu akaja seminarini kwa miguu, akamwambia gombera, mkuu wetu wa seminari, kwamba mwana wake wa kiume ni mmoja tu, na kwamba mlango wa nyumba yake hauwezi kufungwa na sala. Nikarudi nyumbani. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha ng'ombe walikuwa wamekwisha kufika kwa baba yako, nawe umeingia nyumbani mwetu. Hukuniuliza kamwe nilikuwa nimeacha nini. Niliudhani ukimya wako kuwa ni kutojua.

Ndipo, uzeeni mwetu, ikaja barua ya Gati. Mtoto wa marehemu dada yako, tuliyemlea kwenye mkeka mmoja na Bhoke wetu, sasa ni Sista Gati, na anaweka nadhiri za daima huko Roma. Shirika lake lingemgharimia safari mzazi mmoja. Miwani yako ilikuwa imevunjika, nikakusomea mimi. Nilipofika mahali palipoandikwa "mama" nilirudi nyuma nikasoma upya, isije kuwa nimekosea. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto yule Salamu Maria. Mimi ndiye niliyemwonyesha Roma ubaoni. Lakini aliyemwogesha ni wewe, na barua ilijua hivyo.

Nilifanya niliyoweza ili nionekane mwenye furaha. Nilikuandikia kurasa nne: kanisa la kwanza, la pili, kaburi la nani liko upande gani, nguzo za kuhesabu. Ulizipokea kwa mikono miwili, ukazitazama, ukasema, "Baba Bhoke, hii sasa ni safari au ni mtihani?"

"Ni hija," nilikujibu.

Ulikaa huko wiki tatu. Siku uliporudi nilikupokea Mugumu, na njia nzima mpaka hapa Machochwe nilijizuia. Tulipoingia ndani, kabla hujavua viatu, sikukuuliza kama umekula. Nilikuuliza kama ulizihesabu nguzo za uwanja wa Mtakatifu Petro.

"Watu walikuwa wengi na jua kali," ulisema. "Tuliingia, tukasali, tukatoka. Lakini Baba Bhoke, ngoja kwanza nikuambie kuhusu mabomba yao."

Nami nikasema, nayakumbuka kwa kuwa maneno ya namna ile hayaozi: "Umepelekwa Roma, Mama Bhoke, ukaangalie mabomba?"

Ulifungua mzigo wako, ukanitolea rozari ya mbao, ukaiweka mezani, ukatoka kwenda kuangalia mbuzi. Tangu siku ile hukunisimulia Roma tena. Nilisubiri uanze, nawe nadhani ulisubiri niulize. Tulisubiriana miaka mitano, mpaka ugonjwa ulipokuja ukakuchukua.

Lakini wengine uliwasimulia. Uliwasimulia wenzako wa palizi, na wanakwaya, na wapishi wa misibani. Mimi nilipata Roma kupitia ukutani, vipande vipande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nikisogea, sauti yako ilishuka. Niliwaonea wivu wanawake wa Machochwe, walioketi mbele yako na ufuta kwenye ungo wakilishwa mji wangu, hali mimi mwenye mji nimekaa nje.

Sasa parokia inaandaa hija ya Roma, na kamati imekuja kuniomba mwongozo kwa mahujaji. Nikachukua kalamu, nikajikuta naandika kurasa nne zile zile. Nimezichana. Makanisa saba watayafikia tu, maana kila mwenye gari la wageni anayajua. Nimeomba barua hii isomwe mbele yao, wasikie mahali pako, kama nilivyopaiba.

Waanzie kwenye mabomba. Yako mitaani, ulisema, ya chuma, mafupi kama mtoto wa darasa la kwanza, na maji yake baridi yanatiririka mchana kutwa bila koki na bila mwenyewe. Wageni wananunua maji ya chupa huku wameyapa mgongo. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia tundu dogo, unakunywa ukiwa umesimama wima. Ulikunywa, kisha ukalia, kwa kuwa ulihesabu ndoo za maisha yako yote. Hilo la kulia nililisikia kwa Mama Mwita.

Kisha waende mtaa wa Testaccio, karibu na machinjio ya zamani, walipokaa masista wenyeji wa Gati. Pana kilima hapo ambacho hakikuumbwa na Mungu. Ni vigae vitupu. Watu wa kale walileta mafuta kwa mitungi, na mtungi ukiisha kunywa mafuta hausafishiki, wakawa wanaivunja na kuipanga, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa mlima na majani yakaota juu yake. Mimi nilifundisha vilima saba miaka yote ile na cha nane sikukijua. Wewe ulisimama chini yake ukasema, "Hawa hawakuwa na jirani wa kuombana moto?" Maana kwetu mtungi ukivunjika, kigae hakitupwi. Ndicho tulichochukulia makaa kwa jirani.

Na hapo hapo waulize nyumba ya chakula wanakopika utumbo wa ndama anayenyonya. Hawaukamui, wanaupika na maziwa yake ndani, yaliyoganda. Gati aliona aibu kukupeleka, akadhani utaonja na kuacha. Wewe ulikula, ukamwita mpishi, mzee mwenye aproni, ukamwambia kwa Kiswahili kwamba hicho ni kichuri, ila kimekosa uchungu. Alipotafsiriwa, ulisema, yule mzee alikuinamia kama umemjulia ukoo. Kwetu Tarime mgeni akiletewa kichuri, matumbo na majimaji yake ya kijani, anatazama pembeni, nawe uliyezaliwa huko Nyarero ukaenda kuwakuta wenzetu Roma. Wanawake walilipenda hilo kuliko yote. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nikiumia kwa kucheka peke yangu.

Mwisho, kanisa la Mtakatifu Klementi. Nilimfundisha Klementi kila mwaka. Sikujua kwamba chini ya kanisa lake pana kanisa jingine la kale zaidi, na chini yake nyumba za watu waliokufa kabla hayo yote, na chini kabisa, gizani, mnasikika maji yanayokwenda. Uliweka sikio ukutani, ukakataa kutoka mpaka Gati alipokuvuta mkono. "Juu wanaimba na chini panatiririka," uliwaambia wanakwaya, "na wanaoimba hawasikii." Nimelibeba neno hilo mwaka mzima, nikijiuliza kama uliniambia mimi.

Mwezi jana Gati alikuja kwa misa ya kukukumbuka. Baada ya wageni kuondoka nilimwomba, kama maskini anayeomba, anipe kitu kimoja cha Roma ambacho hukumwambia Mama Mwita.

"Baba, kipo. Lakini mama alicheka sana siku ile, sijui wewe utakichukuaje."

"Nitakichukua. Sema, mwanangu."

Akanieleza kwamba palikuwa na kanisa dogo nyuma ya soko, ambalo hakuna msafiri anayeliingia, na mlangoni sista mzee mwenye kitabu cha majina ya kuombewa. Gati alikuwa ametoka nje kupokea simu. Sista akakuuliza kwa ishara: nani? Ulimtaka mumeo aombewe. Lakini wewe, mke wa Kikurya wa zamani, jina langu hukulitamka tangu siku uliyoingia kwangu, hata kliniki ulimwachia nesi aisome kadi. Ukasema, "Baba Bhoke." Yule mzee hakuelewa baba ni nini. Nawe ulikuwa umefundishwa na Gati kusali Baba Yetu kwa Kitaliano, ukajua baba kwao ni *padre*. Ukamwambia kwa furaha, "Padre. Padre Bhoke." Sista akafungua kurasa za mapadri, akaandika. Tangu siku ile, kila Alhamisi, katika kanisa nisilolijua, anaombewa padri mmoja wa Afrika aitwaye Bhoke.

Gati aliporudi aliona, akakueleza. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye ngazi. Alipochukua kalamu ili asahihishe, ulimshika mkono.

"Liache," ulimwambia. "Hilo alilitaka kabla hajanitaka mimi. Hata kama ni mahali pamoja tu duniani, wamwite hivyo."

Gati alidhani ananiletea zawadi. Nilimshukuru, nikaenda kukaa shambani kwenye mstari wa mihogo mpaka jua lilipopoa. Mama Bhoke, nilimwonea wivu padri yule. Ulimbeba moyoni miaka yote, ukamvusha bahari, ukamwombea kwa machozi ya kucheka, na mimi niliyelala ubavuni mwako nikabaki na swali la nguzo. Kumbe ulijua. Umekufa ukiamini kwamba ulikuwa wa pili, na kwamba wa kwanza ilikuwa altare.

Sitasema uongo mbele za Mungu: kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Lakini iliisha, na siku niliyojua kuwa imeisha naikumbuka, wala sikukuambia. Ilikuwa jubilei ya mwenzangu wa seminari kule Nyarero, yule aliyetumwa Roma kwa nafasi ambayo ningeweza kuipata mimi. Walinikalisha mbele pamoja na wageni wa heshima. Aliinua kikombe, nami nikangojea maumivu yangu ya kawaida, nikayasikiliza kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Hayakuwepo. Nilikuwa nimegeuka kuangalia nyuma, kwenye moshi wa wapishi, nikikutafuta wewe, kwa hofu kwamba watakuwa wamekuachia sufuria zile nzito. Tulirudi nyumbani jioni hiyo, nikakukemea kwa kutotafuta msaidizi. Ndiyo namna niliyokuambia. Wewe ungeelewaje?

Basi nimemwandikia Gati. Nimemwomba aende kwa sista mzee, au kwa aliyerithi kiti chake, afute neno padre kwa heshima, maana si langu na sikulipokea kwa mikono ya askofu, wala silitaki tena. Mahali pake aandike hivi: Samweli, mume wa Robhi. Jina lako nimeliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Miaka yote nami nilikuita Mama Bhoke, na kalamu ilipofika hapo ilisimama, kisha ikaenda.

Na wivu wangu haujaisha, usidhani nimetakasika. Keshokutwa unga utakuwa umekwisha. Nitakwenda tena mashineni, nitakaa juu ya gunia langu kama wengine, na nitamwomba Mama Mwita aanze mwanzo, kwenye mabomba. Atanitania, nami nitastahimili. Akikosea nitanyamaza, kwa kuwa sina ninachojua cha kumsahihishia.

Pumzika kwa amani ya Bwana, Robhi. Idadi ya nguzo si kitu.

Mumeo,
Baba Bhoke