Sikumshika Hashimu

Jumamosi, 15 Novemba

Safari kama kila Jumamosi. Chande mbele anaendesha pikipiki, Hashimu katikati, mimi nyuma na fimbo tatu za mwanzi begani. Bwawa limepungua tena. Mto wote upande huu umebaki mchanga mtupu, isipokuwa bwawa hili moja chini ya ukingo. Katikati maji bado yanafika kifuani. Perege wote wamejazana humo, wanangoja kumbikumbi.

Kumbikumbi hawatoki kabla ya mvua. Hapo ndipo penye ujanja wetu. Nafunga nyoya la kanga wa porini kwenye ndoana kwa uzi wa cherehani, nalipasua likae kama mbawa, linaelea juu ya maji. Perege anadhani mvua imewahi. Hashimu ndiye aliyebuni, mimi ndiye fundi, Chande kazi yake kula na kutoa kasoro. Mvua ikinyesha kweli na mto ukashuka na maji mengi, basi, mpaka mwakani.

Nilipata saba. Halafu likatokea hili.

Chande alikuwa ameenda kutafuta kuni. Hashimu amekaa mchangani anafungua fundo. Akaguna, akaanguka ubavu. Macho yakageuka. Mikono na miguu ikawa inajipiga. Povu mdomoni. Kifafa. Namjua mtu huyu tangu tukiwa darasa la pili, sikujua.

Nilirudi nyuma. Hatua sita, labda saba. Nikasimama pale mpaka kikapita. Sikumgusa, hata kumwita sikumwita.

Alipopata fahamu alitema mchanga, akaniangalia. "Mtani, umenishika?"

Nikasema nimekushika.


Jumapili, 16 Novemba

Natoka misa nimemkuta Hashimu barazani kwangu. Amekuja kunieleza. Ni mara ya tatu tangu korosho zianze kudondoka. Mkewe hajui. Binti yake Mwajuma anaolewa Januari, wakwe wapo Ruangwa mjini, na Hashimu anasema wakisikia kuna kifafa kwenye ukoo wataghairi. Kwa hiyo najua mimi tu. Niapishwe. Nimeapa.

Akasema kitu kimoja ambacho kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Amesema maji hayaogopi, maadamu mimi nipo. "Wewe si ni mtani wangu bwana? Mtani ndiye anayeshika wanachokiogopa ndugu."

Ni kweli. Mimi Mngoni, baba alikuja Nachingwea kutafuta kazi akabakia. Yeye Mmwera. Siku tunamzika baba, Hashimu ndiye aliyeruka kaburini kumpokea, anamtukana kwamba amekufa bado mzito, wanangu wakacheka huku wanalia. Sisi wenyewe tulikuwa hatuwezi kusimama.

Yeye alimshika baba yangu. Mimi nimerudi nyuma hatua saba, kisha nikadanganya.


Jumanne, 18 Novemba

Sijashona kitu. Namfikiria yule mama wa kwenye moto.

Nilikuwa na miaka minane. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi, alianguka kifafa jikoni kwake, mkono ukaingia kati ya mafiga. Watu tulijaa uani. Bibi alinishika mabega kwa nguvu, akaninong'oneza kwamba povu likikurukia na wewe unalo, mpaka kaburini. Tulisimama. Harufu naijua mpaka leo. Alipona, ila mkono ulikunjika na haukukunjuka tena. Kila aliyekuwa pale alikuwa anamsalimia kwa heshima sana baada ya hapo.

Mchana nimekwenda zahanati. Nimemwambia nesi kuna mteja wangu ana tatizo. Akasema haliambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa kula pamoja. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, subiri. Na dawa zipo, aje mwenyewe. Nikamuuliza mara mbili. Mara ya pili aliniangalia mikono, kisha uso, nadhani alidhani mteja ni mimi.

Kichwa kimeelewa. Mwili haujaelewa. Nimejaribu kufikiria naweka kiganja kwenye lile povu, nikajikuta nafuta kiganja kwenye suruali.


Jumamosi, 22 Novemba

Nilijaribu kuwazuia. Nimesema mgongo unauma. Chande akasema mgongo wa fundi cherehani unauma tangu Uhuru, panda.

Hashimu ameingia majini mpaka kiunoni. Lazima uingie, kwa sababu perege wamehamia upande wa pili chini ya mizizi na ukitupia ukingoni nyoya halifiki. Sikuangalia nyoya langu hata kidogo. Nilikuwa naangalia shingo yake. Akijikuna, moyo unaruka. Akiinama, nahesabu mpaka ainuke. Saa tatu nzima namna hiyo. Chande anacheka kwamba samaki wamenila nyoya na mimi nimesinzia.

Nilikuwa nimesimama mbali naye. Nimegundua tukiwa tunarudi. Kila aliposogea kwangu nilisogea.

Leo hakuanguka. Mungu amenionea huruma mimi, si yeye.

Nimemwambia tukiwa njiani kuhusu dawa. Akasema baada ya harusi. Zahanati ina watu, watu wana midomo.


Alhamisi, 27 Novemba

Mawingu upande wa Ruangwa. Upepo una harufu ya vumbi lililolowa mahali. Chande ametuma ujumbe kwamba kule juu mvua imegusa, Jumamosi ndiyo ya mwisho, tukachukue waliobaki kabla mto haujawabeba.

Nimeandika kwenye simu: Hashimu sikukushika siku ile, nilikaa mbali, usiingie majini kwa ajili yangu. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Akijua, hataingia. Nalijua hilo vizuri kabisa. Na bado nafuta, kwa sababu naona aibu. Mtu anaweza kufa kwa ajili ya aibu ya mwenzake.

Nimefunga manyoya matatu ya mwisho. Lake nilitaka kulifunga ovyo, lifumuke akitupa mara ya kwanza, aghadhibike arudi ukingoni. Mikono imekataa. Limekuwa zuri kuliko yote.

Jioni sikula.


Jumamosi, 29 Novemba

Mwandiko mbaya leo.

Maji yalikuwa yametulia. Joto la kubana. Hashimu amepata wawili haraka haraka, akafurahi, akawa anasogea kwenye kina. Kiunoni. Tumboni. Nikamwita arudi. Akageuka, akanicheka, akaniita mwoga wa Songea. Akasema, "Si upo?"

Akatupa. Nyoya likakaa juu ya maji vizuri sana. Nakumbuka nililiangalia.

Kisha fimbo ikaelea peke yake.

Chande alikuwa ukingoni na mimi. Akaona mgongo unainuka na kuzama, maji yanaruka, akaelewa upesi kuliko nilivyotaka. Akanidaka shati. "Usimguse! Ni kifafa hicho, usimguse!" Sauti ya bibi kabisa.

Nikasimama.

Hili naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nilisimama. Sijui ni muda gani. Ulitosha kuona kofia yake ikitoka kichwani na kuanza kuzunguka. Ulitosha kufikiri kwamba nikingoja kidogo tu, hakutakuwa na haja tena ya kuchagua.

Wazo hilo ndilo lililonitia hofu kuliko povu. Shati likachanika mkononi mwa Chande. Nimeshika kichwa cha Hashimu, kikaniponyoka, nikashika tena, nikakikumbatia kifuani, uso wake kwenye shingo yangu. Povu, maji, tope, vyote kwenye mdomo wangu. Alinipiga kiwiko kwenye meno. Nilikuwa napiga kelele, sijui nasema nini.

Nimemvuta mpaka mchangani. Nimemlaza ubavu kama alivyosema nesi. Maji yakamtoka. Akapumua.

Chande alikuwa amesimama kwenye pikipiki yake. Mbali. Hatua saba au nane. Sikumlaumu.


Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda misa. Nimenawa kwa sabuni ya kufulia mara tatu, kisha nikaona haya, kisha nikanawa ya nne. Nimeangalia ulimi kwenye kioo. Kila kidole kikicheza nadhani ndiyo kinaanza.

Chande haongei na mimi. Naogopa anaongea na wengine. Mke wangu anauliza jino limefanya nini. Nimesema fimbo.


Jumatano, 3 Desemba

Hashimu amekuja dukani. Amekonda kwa siku nne. Amekaa kwenye kiti cha wateja, anachezea mkasi.

Nimemwambia. Bila salamu ndefu, huku nimeinamia cherehani. Ile siku ya kwanza, mchangani, sikukushika. Nilirudi nyuma. Nilikudanganya.

Akaufungua mkasi, akaufunga. Kisha akasema, "Najua."

Alijua siku ileile. Alipoamka mchanga ulikuwa mtupu pande zote, na nyayo zangu zimeishia kule mbali niliposimama.

Nimekasirika. Nimekasirika kweli, nikasimama. Sasa majini uliingia ukitegemea nini?

Akauweka mkasi mezani taratibu. "Nilijua ukishasema umenishika, siku nyingine itabidi unishike."

Akatoka. Nimekaa na kitambaa cha mtu mapajani mpaka adhana ya alasiri.


Jumapili, 7 Desemba

Mvua tangu juzi. Mto umeshuka. Tumekwenda kuuangalia, bila fimbo. Bwawa halipo, ni maji mekundu tu yanapita na matawi.

Hashimu amemwambia mkewe. Mkewe amelia, kisha akamfikisha zahanati mwenyewe, dawa ameanza. Wakwe nao waambiwe, ndivyo alivyoamua mama Mwajuma. Jumamosi tutakwenda Ruangwa, Hashimu na mimi, niwe msemaji. Huenda wakavunja. Mwajuma amesema bora wavunje sasa. Naogopa hilo pia.

Chande amekuja kwa Hashimu, hakuitwa. Inaonekana hakumwambia mtu. Hakusema hivyo, ila umbea ungekuwa umefika sokoni ningeusikia. Amekaa kwenye ncha ya mkeka.

Kumbikumbi wa kweli wametoka. Mke wa Hashimu amewakaanga, ameleta sahani moja kwa wanaume watatu. Hashimu akachota, akatia mdomoni, akalamba vidole, akarudisha mkono sahanini. Chande akaangalia sahani, akaniangalia mimi. Nilijua anangoja nini.

Bado naogopa. Hapa sidanganyi. Nimechota upande uleule aliochota Hashimu. Chande akanawa, akasogea.

Walikuwa na chumvi nyingi.