Kufuli la Baiskeli

Jumatatu, 3 Februari
Nasahihisha tangu saa mbili asubuhi. Kalamu nyekundu moja imekwisha. Tasnifu ya Aline, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho: watu wazima walioadhibiwa shuleni kwa kuongea Kiswahili, na aibu inayowakaa mpaka leo. Kazi nzuri, ingawa koma anazimwaga ovyo. Ndiye wa mwisho nitakayemwongoza kabla ya kustaafu. Nataka amalize vizuri. Nataka pia jina langu kwenye jalada, siwezi kujidanganya.

Sura ya tatu, mhojiwa nambari saba. Mama mwenye biashara ndogo kule Gatumba, mpakani na Kongo. Anasema mwalimu alimvalisha kufuli shingoni, kwa kamba, hadi masomo yaishe. Nimeandika pembeni: Anatia chumvi. Futa.

Nikageuza ukurasa. Kufuli lilikuwa la baiskeli. Baiskeli ya bluu, mwalimu aliiingiza darasani kila asubuhi na kuiegemeza karibu na ubao.

Baiskeli hiyo ni yangu.

Jumanne, 4 Februari
Nimerudisha sahani jikoni. Nimesingizia tumbo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya msingi. Baiskeli ikiwa ndani, kufuli halikuwa na kazi mchana. Nikalitafutia kazi. Aliyekamatwa akiongea Kiswahili alilivaa, na kulivua ni mpaka amkamate mwenzake au masomo yaishe. Niliona ni mbinu ya kisasa. Sikuwa nikichapa, nilijisifu kwa hilo.

Na mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Nyumbani hatukuwa na lugha nyingine. Shuleni ilikuwa Kirundi na Kifaransa, Kiswahili kiliitwa lugha ya wahuni. Nilitaka mkaguzi wa shule asahau nimetoka wapi. Basi mchana nakikataza, jioni nakitumia kuandika daftari kama hili.

Nimefungua madaftari ya miaka ile. Mvua. Harusi ya dada. Malaria. Kuhusu kufuli, hakuna hata neno moja.

Jumatano, 5 Februari
Mafuta ya magari hakuna tena mjini, Aline ametoka kwao Musaga kwa miguu. Viatu vimejaa vumbi. Nimemwambia aondoe sura ya tatu. Nimesema ni ndefu. Akauliza mistari ipi. Nikasema yote.

"Profesa, nikitoa hii, kazi inabaki na nini?"

Nimemjibu kwamba mwenye kuongoza ni mimi. Kwa sauti ile ya zamani, naijua. Akakusanya karatasi zake, akaondoka bila hata kunywa maji. Nimekuwa mwoga, na mwoga mwenye cheo ni mbaya zaidi.

Ijumaa, 7 Februari
Ameleta tasnifu bila sura ya tatu. Imekuwa nyembamba kama daftari la hesabu. Kila ninalosema, "Ndiyo, Profesa." Wiki iliyopita alikuwa akinibishia hadi koma. Leo ananyamaza, na anayemnyamazisha ni mimi.

Nikauliza, kana kwamba ni mazungumzo tu, kama nambari saba alimtaja yule mwalimu. Aline akatafuta kwenye simu, akaniwekea sauti. Mwanamke wa makamo, anaongea polepole.

"Ile kufuri asubui iko baridi. Nikiitoa, iko na moto ya mwili yangu. Mi nikanyamaza tu. Mpaka leo, mu mukutano ya wamama, siwezi sema kitu. Jina yake apana, sitataja. Labda angali muzima, iko na watoto. Sitaki bamucheke."

Nimesema nina miadi. Nimekwenda kusimama chooni.

Jumatatu, 10 Februari
Nimebisha mlango wa Madamu Consolate, anayefundisha ushauri nasaha. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nimemweleza yote nikiwa wima, nikikaa ningeghairi. Hakunifariji. Aliuliza nani atamwambia Aline. Nikasema mimi. Aliuliza nani atamwongoza sasa. Nilijua jibu, lakini nilitaka alitoe yeye. Akasema atamchukua. Jina langu linatoka kwenye jalada.

Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Jumanne, 11 Februari
Nimemwambia. Ofisini kwangu, mlango wazi.

Aline alitazama kalamu nyekundu mezani. Nilitamani anitukane, ningejua pa kushika. Hakunitukana. Alitafuta kwenye nakala yangu ile karatasi ya nambari saba, akasoma maneno yangu pembeni, Anatia chumvi, Futa. Akaikunja akaiweka kwenye mkoba. Ni haki yake.

Mlangoni akageuka, akauliza kama ningekubali kuhojiwa. Niwe mhojiwa nambari kumi na mbili. Sura ya tatu inarudi, na Madamu Consolate amemwombea wiki moja zaidi ya kuwasilisha tasnifu. Nimekubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, 13 Februari
Chumba cha Madamu Consolate, viti viwili, simu mezani katikati. Aline alinisomea karatasi ya ridhaa neno kwa neno. Naweza kuacha wakati wowote. Naweza kuchagua lugha. Karatasi hiyo tuliiandika pamoja.

Nimechagua Kiswahili. Kile cha Buyenzi, cha nyumbani, ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukisikia kinywani mwangu. Nilipokwama, alisubiri. Hakunisaidia neno wala kutikisa kichwa. Mimi ndiye niliyemfundisha: mhojiwa akinyamaza, usimwokoe. Sikujua upande huu wa meza muda huo ni mrefu hivi.

Mwishoni aliuliza kama nina la kuongeza. Nikamwomba amuulize nambari saba kama angependa kuniona, nimwombe msamaha. Nimeruhusu ajue mimi ni nani. Akasema atauliza. Hakuahidi kitu.

Jumapili, 16 Februari
Aline amepiga simu baada ya misa. Nambari saba hataki kuniona. Anataka kusikia nilichosema. Anataka hasa kusikia kama kweli nimekisema kwa Kiswahili.

Bila ruhusa yangu, Aline hawezi kumsikilizisha. Akaniuliza: chote, au sehemu? Nimesema chote, hata pale nilipokwama.

Mvua imekatika huku nyumbani, Gihosha. Mke wangu ameanika nguo upya. Nimekaa na kahawa iliyopoa. Mazungumzo yetu ni dakika arobaini, na Aline alisema ataanza kumsikilizisha saa tisa. Sasa ni saa tisa na robo. Sijui wamefika wapi.