Ajuza Analia Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Ajuza ameanza tena. Trekta hili la baba tulilipa jina hilo kwa sababu ya uzee, na kwa sababu ya kulalama. Limetoka bandani vizuri, likafika kona ya zizi, kisha — kogo-kogo-kogo! Likisimama, kimya. Likitembea, kogo-kogo. Nikamwambia baba, akaendelea kuendesha kana kwamba nimezungumza na tairi. Ikabidi nikimbie mbele nipunge mikono. "Unataka kugongwa?" Nikasema kuna mlio. Akanitazama weee, halafu: "Naujua. Nilikuwa nausikiliza." Haya!

Kaka kapiga simu. Nami na ulimi wangu huu nikamsimulia! Akasema amechoka na kikongwe kinachokula vipuri kuliko sisi tunavyokula chakula. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mlio ukiwa haujapatikana, trekta linakwenda kukatwa. Baba bila trekta? Afadhali wamkate mguu.

Jumatano, 5 Machi

Baba kasikiliza. Hapa kwetu hakuna anayegusa bolti kabla yake: ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, macho kayafumba, sisi wote tumebana pumzi. Tangu nikiwa mtoto sijamwona akikosea. Leo kakaa sana. Mwisho: "Giaboksi."

Giaboksi? Mimi nausikia nyuma, gurudumu la kushoto, wazi kabisa! Nikasema. Hakujibu. Nikasema tena. Akachukua kitambaa akaifuta bisibisi yake. Kiburi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kaja. Kazi alifundishwa na baba, na hadi leo akimwona anavua kofia. Nikamvuta pembeni: wewe unasikia wapi? Akakuna kichwa. "Dada, mzee kasema giaboksi." Nimekuuliza unasikia wapi! "Mzee kasema giaboksi." Nilitamani kummwagia ndoo nzima ya oili.

Wamefungua kutwa nzima. Meno mazima, yanang'aa. Wakafunga. Kogo-kogo.

Jumapili, 9 Machi

Sisemi naye. Au yeye hasemi nami, sijui nani alianza. Nilimwita kwenye chakula kutoka mlangoni — kimya. Nikaita tena — kimya. Nikaenda hadi mbele yake, akashtuka, akatabasamu. "Ah, mwanangu, kumbe upo." Unafiki gani huu? Nikiwa mgongoni ananisusa, nikiwa usoni ananichekea!

Mama anasema nimwache, mzee kachoka. Mama naye siku hizi anapayuka kama yuko sokoni. Na redio, jamani! Hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Hii si nyumba, ni wazimu mtupu.

Jumanne, 11 Machi

Leo ni pampu ya maji. Pampu ya maji! Pampu inazunguka hata trekta likiwa limesimama. Ingekuwa yenyewe, mlio ungesikika mle mle bandani. Na aliyenifundisha hivyo ni yeye! Fundi kaifungua bila hata kuguna. Nzima.

Hasira zikanipanda. Nikachukua jeki mwenyewe, nikainua gurudumu la kushoto, nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Linacheza! Linacheza kama jino la mtoto. Beringi imekwisha, na beringi mpya ni kazi ya siku moja. Nikapiga kelele, "Baba! Nimeipata!"

Alikuwa hapo hapo, amenipa mgongo, anakunja kitambaa. "Baba!" Fundi, aliyekwisha kufika kwenye geti, akageuka. Mama akachungulia kutoka jikoni. Kuku wakatawanyika. Baba akaendelea kukunja kitambaa.

Nikashusha jeki. Mama akauliza nimepata nini. Nikasema si kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza mama: baba bado anasikia? Aliendelea kuchambua maharage, kisha akajibu kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia siku nyingi. Anajua tangu mwaka jana. Baba alimwapisha: watoto wasijue, na fundi ndiye asijue kabisa. Wakulima wote wa huku walikuwa wakimletea injini zao azisikilize. Sasa awaambie nini?

Kwa hiyo bisibisi ile ni maonyesho. Anabahatisha! Nimelia, na bado nina hasira, na sijui namkasirikia nani. Si angesema tu? Mimi ni mwanawe, si jirani!

Nikajaribu kumpa njia. Nikamshika mkono nimpeleke kwenye gurudumu, alitikise, aseme kaligundua mwenyewe. Akauchomoa mkono. "Tumeikaza giaboksi upya," akasema. "Limepona. Kesho kaka yako ataona." Nikaonyesha gurudumu kwa kidole. Akaondoka zake.

Jumamosi, 15 Machi

Niko stoo. Nimewaambia nafuata spana. Spana ninayo mfukoni. Naandikia juu ya pipa.

Wako uani wote. Mama mlangoni. Fundi na kofia yake mkononi. Kaka na mnunuzi, ambaye ameshaanza kulizunguka trekta akiligongagonga kwa vidole. Baba alipanda, akawasha, akazunguka ua mzima kwa madaha. Kogo-kogo-kogo, vibaya kuliko siku zote! Akasimama mbele yetu, uso umemchangamka. "Mmesikia? Kimya kabisa! Nimelisikiliza mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Kaka alidhani ni mzaha, akakunja uso. Mzee, akasema, mlio uko palepale, leo linaondoka. Baba akawa anamtazama midomo. Halafu akanigeukia mimi. "Mwanangu, waambie. Si limepona?"

Nikitaja gurudumu, trekta litabaki. Lakini fundi atajua, na mbele ya mgeni, kwamba mzee hakusikia kitu. Nikinyamaza, linapakiwa. Laiti ningeweza kumwita kando, tupange la kusema! Lakini huyu hata kumnong'oneza siwezi.

Kaka anauliza spana gani hiyo inatafutwa mwaka mzima. Mnunuzi anashusha minyororo kwenye lori, naisikia.

Baba ananiita. Nimeitika. Ananiita tena, kwa nguvu, kama niko ng'ambo ya mto. Nimeitika tena. Bado ananiita.